Umaskini usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao

Kila ninaposoma sera mpya ya watoto, vijana na familia, jambo la kwanza ninalolitafuta ni hili: msaada unaifikia familia lini? Maneno ya ulinzi, ustawi na haki huwa hayakosekani. Lakini ukifuatilia mpaka kwenye bajeti, mara nyingi unakuta fedha zinaelekezwa kwenye hatua za mwisho, yaani uokoaji, mashauri ya mahakamani na makao ya watoto, ilhali mzazi ambaye bado anahangaika kulea nyumbani kwake anaambulia semina na vipeperushi.

Ninaamini kwa dhati kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya mtoto kuondolewa kwao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika kifungu cha 18 kwamba wazazi ndio wenye wajibu wa kwanza wa malezi, na papo hapo unaitaka serikali iwasaidie kuutimiza wajibu huo na ihakikishe kuna huduma za malezi ya watoto. Viongozi wengi hupenda kunukuu sehemu ya kwanza, ya pili wakaiacha. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokea Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, ambayo inatamka bayana kwamba ufukara wa kifedha na mali hauwezi kuwa kigezo pekee cha kumtenganisha mtoto na wazazi wake, bali uchukuliwe kuwa ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa.

Hasara ya kumweka mtoto mdogo katika taasisi imepimwa. Katika utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, nchini Romania, watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi waligawanywa kwa kura: wengine wakapelekwa katika familia za malezi ya kambo zilizoandaliwa na kusaidiwa, wengine wakaendelea na utaratibu uliokuwapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopelekwa katika familia walikuwa na maendeleo bora ya akili, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Nikiisoma habari hiyo huwa ninajiuliza kwa nini tunakubali kugharamia vitanda na walinzi wa makao, kisha tunasita kumpa mama kiasi kidogo kuliko hicho ili mwanawe abaki naye.

Fedha taslimu zinasaidia, tena haraka. Mwaka 2021 Marekani ilipanua nafuu ya kodi kwa wenye watoto ili iwafikie hata wazazi ambao kipato chao kilikuwa kidogo mno kutozwa kodi, na kuanzia Julai hadi Desemba sehemu ya nafuu hiyo ikalipwa kila mwezi. Pamoja na misaada mingine ya wakati wa janga la UVIKO-19, hatua hiyo ilishusha kiwango cha umaskini wa watoto, kwa kipimo kinachohesabu pia misaada ya serikali, hadi asilimia 5.2. Nyongeza ile ilipoachwa iishe, kiwango kikapanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022. Wazazi hawakugeuka wazembe ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni sera.

Hata hivyo, msaada uliopo kisheria unaweza kukwama mezani kwa afisa. Mfikirie bibi anayelea wajukuu baada ya wazazi wao kufariki au kuhama. Anafika ofisi ya ustawi wa jamii na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, na hiyo ndiyo karatasi pekee inayoonyesha mtoto alizaliwa lini. Anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Anakokwenda kukitafuta anaambiwa alete kitambulisho cha mama wa mtoto. Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka mitano hawajasajiliwa popote, kwa hiyo bibi huyu hayuko peke yake. Sera inayomtaka mtoto athibitishe kuwapo kwake kabla ya kusaidiwa inawaacha nje wale wale wenye shida kubwa zaidi, na dawa yake ni kuupeleka usajili pale mtoto anapochanjwa.

Kuhusu jamii, nina neno moja zito. Nyaraka za sera hupenda kuandika kwamba "jamii itashirikishwa", na katika utekelezaji jamii hiyo huwa ni wanawake wachache wanaozunguka nyumba kwa nyumba bila posho, wakitumia nauli zao wenyewe kwenda kumwona mtoto anayepigwa au mzazi aliyekata tamaa. Ninawaheshimu sana. Lakini huduma inayotegemea mifuko ya watu maskini haiwezi kudumu, na mhudumu anapoacha, familia alizozifahamu kwa majina hupotea machoni pa mfumo.

Vijana nao hutajwa sana na kupangiwa fedha kidogo. Ninaowahofia zaidi ni wale wanaotoka katika makao wanapofikisha miaka 18, siku ambayo sheria huwahesabu kuwa watu wazima. Kijana mwenye kwao hurudi nyumbani akikosa kazi. Huyu hana mlango wa kubisha, hana wa kumdhamini apange chumba, na pengine hana hata kitambulisho. Miongozo ile ya 2009 inataka maandalizi ya kujitegemea yaanze mapema na msaada uendelee baada ya kuondoka, ikiwezekana kwa kuwa na mtu maalumu wa kumfuatilia kijana. Rasimu ya bajeti inapofunguliwa kwa maoni ya wananchi, tuulize fungu la kumlipa mtu huyo liko wapi, na nauli ya yule mhudumu anayezunguka nyumba kwa nyumba imeandikwa ukurasa gani.