Akidi ya saa tisa usiku

Umeme ulikatika saa tisa usiku, na asubuhi nimekuta kontena zote nne za seva yangu (vyumba vya programu ndani ya kompyuta) ziko hewani bila mimi kugusa kitu. Naandika sasa hivi kabla furaha haijapoa, maana jambo hili, kontena kugoma kuanza zenyewe umeme ukirudi, limenila mwezi mzima.

Hali yangu ni hii: Proxmox, mfumo wa kuendesha kontena, kwenye mashine mbili za mtumba zilizokuja kwa treni kutoka Dar; nimezipa majina liemba na ujiji. Ujiji naizima usiku kubana uniti za LUKU. Liemba haizimwi, kwa sababu ndiyo yenye kontena la hesabu za duka la mama, hapa mbele ya nyumba yetu Mwanga, Kigoma.

Kila mashine, yaani nodi, ina kura moja. Nodi mbili ni kura mbili, na akidi, yaani kura zinazotakiwa ili mfumo ukubali kufanya kazi, ni hizo hizo mbili. Liemba ikiwaka upya peke yake inasubiri mwenzake, folda ya mipangilio, /etc/pve, haiandikiki, hakuna kontena linaloanza. Ndiyo maana nilitenga Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, iwe QDevice, yaani msaidizi wa nje anayepiga kura tu: kura ya tatu. Nilijaribu mchana: ujiji nimezima, liemba nimeiwasha upya, kila kitu kikapanda. Nikamwambia mama tatizo limekwisha.

Usiku huo huo umeme ukaenda. Saa moja asubuhi mama yuko dirishani: "Baba, hesabu hazifunguki."

Amri ya kuangalia kura, pvecm status, inaonyesha kura moja. Pi inajibu nikiiita mtandaoni kwa ping, mlango wa mtandao wa QDevice, 5403, uko wazi, ila QDevice haipigi kura. Nimeifuta na kuiunga upya mara mbili. Nimebadilisha waya, nimebadilisha swichi, nimeilaani kadi ya SD ya Pi isiyo na kosa lolote. Kisha umeme ukakatika usiku mwingine na mambo yakaenda vizuri kabisa! Hapo ndipo nilipochoka. Kosa linalotokea kila siku unalivizia na kulikamata. Hili lilikuwa linakuja likijisikia.

Nilishauriwa nipige pvecm expected 1, amri ya kuiambia nodi itosheke na kura moja, ndani ya skripti, nilale. Sikubali, na sitakubali. Amri hiyo ni ya mkono, ya dharura, ukiwa umekaa mbele ya mashine na unajua nyingine imezimwa. Ukiiacha ijiendeshe, siku moja waya wa mtandao utachomoka na kila nodi itajiona ndiyo mkubwa, kila moja ikiandika mipangilio yake. Afadhali kontena lisiwake kuliko data ya duka kuwa na matoleo mawili.

Jumapili nilikaa na journalctl ya corosync-qdevice, yaani kumbukumbu za programu inayoiunganisha liemba na QDevice. Ujumbe ulikuwa ule ule nilioupita mara ishirini, kwamba cheti cha TLS, kile cha mashine kutambuana kwenye mtandao, kimekataliwa. Safari hii macho yakaenda kushoto, kwenye tarehe. Liemba ilikuwa inaishi mwaka juzi. Cheti nimekitengeneza mwaka huu, kwa hiyo kwake kilikuwa hakijaanza kutumika.

Nikafungua kasha. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi, inayotunza saa ya mashine, inatakiwa kuwa na volti 3. Mita yangu ilisoma 0.9. Umeme ukikatika, saa inapotea. Na ile mara-inafanya-mara-haifanyi? Ni bando. Nikiwa na bando la wiki, programu ya chrony inachukua saa mtandaoni na kura inarudi nikiwa nimelala. Nikiwa na bando la siku, linakata saa sita usiku, na liemba inabaki mwaka juzi, bila kura ya pili mpaka niamke niwashe ujiji. Jaribio la mchana lilifaulu kwa sababu sikuchomoa plagi, niliwasha upya tu.

Betri nimeipata kwa fundi saa sokoni, shilingi elfu mbili. Nimechomoa plagi ukutani mara nne, rauta imezimwa, dakika kumi kila mara. Mara zote nne kura zilitimia.

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuweka urudufishaji wa ZFS, yaani kunakili data, kutoka liemba kwenda ujiji kila dakika 15. Nimeuahirisha. Pi 4 nayo haina saa yenye betri, na wazo la kuifunga kipokezi cha GPS, ichukue saa kwenye setilaiti na kuzigawia nodi zote bila bando, halinitoki kichwani. Kipokezi nimeshaagiza. Dirisha la upande wa ziwa halina mti wala ukuta mbele yake, antena itakaa pale, na jana nimeshatoboa tundu la waya.