Uprodyuza wa chumba kimoja: voko, miksi na karatasi ya mgawanyo

Tanzania prodyuza ni mtu wa kazi tatu au nne kwa mpigo. Tangu enzi za Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master J, anayetengeneza biti ndiye pia anayerekodi voko (sauti ya mwimbaji) na kufanya miksi (kusawazisha sauti zote ziwe wimbo mmoja), na mara nyingi studio ni yake. Marekani kazi hizo hugawanywa: prodyuza, fundi wa kurekodi, fundi wa miksi na fundi wa masta (anayeikamilisha rekodi kabla haijatolewa) huwa watu tofauti, kila mmoja na ankara yake. Anayezibeba zote bila utaratibu huishia kulipwa kwa moja tu, nayo ni biti. Mimi nimeweza kuishi kwa kazi hii kwa kuipa kila hatua bei yake na faili zake.

Naanza na chumba, kwa kuwa voko iliyorekodiwa vibaya haiokolewi na programu yoyote. Chumba cha tofali za saruji cha mita 3 kwa 3 ndicho kigumu kuliko vyote. Pande zote mbili ni sawa, hivyo sauti nzito ya hezi 57 hivi (mitetemo 57 kwa sekunde) hujikusanya: ukikaa karibu na ukuta besi ni nzito, ukikaa katikati imepotea. Kiti cha miksi nakiweka mita 1.1 hivi kutoka ukuta wa mbele. Trei za mayai hazisaidii kitu. Sponji ya sentimita 5 nayo hunyonya sauti za juu tu, na chumba kinabaki kikivuma kwa chini. Kinachofanya kazi ni fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10, zikafunikwa kitambaa na kuachiwa nafasi kidogo kutoka ukutani, hasa kwenye kona.

Fedha ikiwa ndogo, godoro na mablanketi mazito yanatosha kurekodia, ila yakae nyuma ya msanii. Wengi huyaweka nyuma ya maiki. Maiki ya kardioidi, yaani inayosikiliza upande wa mbele, karibu haisikii kinachotoka mgongoni mwake. Inasikia kilicho mbele yake, yaani msanii na ukuta ulio nyuma ya msanii. Feni na kiyoyozi huzimwa. Kwa joto la Dar es Salaam hilo lina maana moja: tunarekodi ubeti kwa ubeti, halafu mlango unafunguliwa msanii apumue. Mvua ikipiga bati, siku hiyo ni ya kutengeneza biti na kuhariri.

Kurekodi kwenyewe nafanya kwa biti 24 (kipimo cha undani wa sauti ya kidijitali, si biti ya mdundo) na kilohezi 44.1, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde. Maiki ya kondensa (ile nyepesi kusikia, inayohitaji umeme) huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na kichujio cha pumzi kikae katikati. Kilele cha sauti nakiacha kwenye desibeli -10 hivi. Hakuna sababu ya kusukuma zaidi, kwa kuwa voko iliyopasuka wakati wa kurekodi haina dawa. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, naishusha hadi sampuli 128, sawa na milisekunde 3 hivi kwa upande mmoja. Wakati wa miksi naipandisha hadi 1024 ili kompyuta isikwame. Msanii akisikia sauti yake ikichelewa kwenye hedfoni huanza kuburuza nyuma ya mdundo, na watu husema hana pumzi kumbe ni bafa.

Kuna jambo ambalo mafunzo ya mtandaoni hayaligusi kwa sababu hayakutengenezwa kwa Kiswahili. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-PE-nzi, ni-me-ku-ku-MBU-ka. Silabi hiyo ikiangukia kwenye kiki au sneya (ngoma nzito na ngoma kali za biti), mstari unaeleweka hata kwenye spika mbovu. Ikiangukia pembeni na mdundo ukaikandamiza silabi ya mwisho, msikilizaji analazimika kukisia neno. Kwa hiyo kabla ya kurekodi msanii ananitamkia mistari bila melodi huku biti ikicheza, nami naweka alama palipoteleza. Mara nyingi dawa ni kuanza mstari nusu pigo mapema, au kubadili umbo la kitenzi ili ipungue silabi moja. Ni kazi ya dakika chache, nayo huinua ngoma kuliko programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea athari kwenye sauti) ya gharama kubwa.

Voko kuu narekodi moja safi. Kiitikio naongeza mbili, moja kushoto na moja kulia, zikiwa chini ya ile kuu. Zirekodiwe upya kila moja. Ukinakili faili ileile sauti haipanuki, inapanda ukubwa tu. Kisha nakata kila kilicho chini ya hezi 80 hadi 100, na napunguza ukali wa “s” na “sh” kati ya kilohezi 5 na 8. Autotune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, lazima ipewe ufunguo sahihi wa wimbo, yaani skeli unayoimbwa. Usipouweka, itavuta noti za mwimbaji kwenda mahali ambapo hakuziimba, na makosa yatakayosikika si yake.

Kwenye miksi, besi ya 808 (besi nzito ya mashine ya ngoma) ndiyo inayosumbua wengi. Noti ya hezi 50 hailii kwenye simu, na wasikilizaji wetu wengi wanasikilizia simu. Naiongezea upotoshaji kidogo ili izae mawimbi ya hezi 100, 150 na 200; sikio likiyasikia hayo hujaza lenyewe ile ya chini. Halafu najaribu miksi kwenye simu, kwenye redio ya gari, na kwa mono (kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa sauti moja). Kilele cha masta nakiacha kwenye desibeli -1, kwa sababu kubadilisha faili kuwa MP3 hupandisha vilele kidogo. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), basi masta iliyobanwa mpaka ikafa haipati ushindi wowote pale.

Malipo: nusu kabla ya kurekodi, nusu kabla ya kutoa WAV (faili kamili isiyobanwa). Katikati msanii anapata MP3 yenye tegi yangu, yaani alama ya sauti inayonitambulisha. Nikishalipwa natoa masta, toleo safi la redio, biti tupu, voko tupu, na stemu (faili za kila sehemu ya wimbo peke yake) zote zikianzia sekunde sifuri, zikiwa na kasi na ufunguo kwenye jina la faili. Stemu zisizoanzia mahali pamoja hazina faida kwa mtu wa remiksi.

Karatasi ya mgawanyo, inayoonyesha nani anamiliki asilimia ngapi ya wimbo, inasainiwa siku ya kurekodi, kabla wimbo haujapendwa na mtu yeyote, kwa sababu wakati huo kila mtu bado anakumbuka nani alifanya nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha mambo mawili: hakimiliki ya utunzi, na hakishiriki za mwimbaji na za mwenye rekodi. Kwa hiyo karatasi ina majedwali mawili, kila moja lifike asilimia 100. Katika utunzi mazungumzo nayaanzia nusu kwa muziki na nusu kwa mashairi na melodi. Kama melodi ya kiitikio ni yangu, tunarekebisha. Kisha kazi inasajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa asilimia zilezile.

Mwisho ni ISRC, nambari yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi. Remiksi hupewa mpya. Rekodi ileile ikihamia kwa msambazaji mwingine hubaki na ya zamani, ndiyo maana naiandika kwenye karatasi ya mgawanyo: msanii akihama bila kuwa nayo, msambazaji mpya hutoa nyingine, na hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza upya.