Kamba Hukatikia Fundoni

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vifaa pale Kariakoo kununua kamba ya kuanikia nguo. Kijana wa dukani akanishushia ya plastiki, ya buluu, bila hata kuuliza. Nyuma yake, rafu ya juu kabisa, nikaona bunda la katani jipya, nikamwomba anisogezee. Katani mpya inanukia ukavu wa nyasi, na mafuta ya mashine kwa mbali. Nikaishika, nikaipinda, nikaganda pale mpaka mteja wa nyuma yangu akaomba njia. Nilikuwa nimesharudi Tanga, kidato cha tano, mwaka wa ule mradi.

Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amechoshwa na vitendo vyetu vya maabara, ambavyo jibu lake lilijulikana kabla kabati halijafunguliwa. Kwenye pendulamu kila mtu alijua anatakiwa kufika 9.8, kipimo cha uvutano wa dunia, na aliyepata 9.2 alirudi kwenye jedwali lake akalipika mpaka likatii. Muhula ule akasema anataka kila mmoja wetu amletee swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Na mtu asiguse chombo chochote kabla mpango wake haujapita: fulskepu moja, unauliza nini, utabadilisha nini, utapima nini, nini kitabaki vilevile, na mstari wa mwisho, uliotutesa kuliko yote: utajuaje?

Nusu ya darasa ilikimbilia maziwa ya moto. Mnaelewa kwa nini. Kisa cha Erasto Mpemba kilianzia mkoani kwetu, shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipotia kwenye friza mchanganyiko wake wa aiskrimu ungali wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akaambiwa amechanganyikiwa, akachekwa, na hakuacha kuuliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Dk. Denis Osborne aliyekuja kuzungumza nao kutoka chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana. Mwalimu alikipenda kisa hicho kuliko sisi, lakini alirudisha fulskepu zote za maziwa. "Mpemba ameshauliza la kwake," alisema. "Lako liko wapi?"

Langu lilitoka nyumbani. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge mpaka shamba lenyewe lilipofifia, na mimi nimekua nikizitazama singa, zile nyuzi za mkonge ambazo ndizo katani, zilivyoanikwa, nyeupe, safu baada ya safu. Kwa hiyo nilianza mpango wangu kwa historia. Niliandika kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, kutoka Florida. Kwamba katika miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza dunia kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla nyuzi za viwandani hazijaangusha bei. Aya ile niliipenda sana. Mwalimu aliipitishia mstari mmoja mwekundu na kuandika pembeni: "Historia nzuri. Unauliza nini?"

Nikauliza: je, maji ya bahari yanaidhoofisha kamba ya katani? Mjomba, yule wa Sahare, kila tukionana alilalamika kuwa bahari inamlia kamba zake.

Karatasi ikarudi. "Ukikuta imedhoofika, utajuaje ni chumvi na si maji?" Nikaongeza fungu la kamba zitakazolowekwa kwenye maji ya mvua. Ikarudi tena. "Utajuaje ni chumvi na si vijidudu vya baharini?" Nikaongeza fungu la maji ya bahari yaliyochemshwa. Ikarudi: kamba iliyolowa hailinganishwi na kavu. Nikaandika kwamba zote zitaanikwa kivulini kwa muda uleule kabla ya kuvutwa. Wenzangu walikuwa wameshaanza kupima, mimi bado naandika. Niliichukia kalamu nyekundu muhula ule, nasema kweli. Lakini nakumbuka pia usiku mmoja nilipoisoma tena ile fulskepu kwa taa ya chemli, nikaona kila mstari una sababu ya kuwepo pale. Sikuwahi kuandika kitu cha namna hiyo shuleni.

Ikabaki namna ya kuvuta. Niliandika kwamba uzi wa katani utafungwa juu kwenye boriti la maabara, chini yake itafungwa ndoo ya lita 20, na maji yatamiminwa taratibu mpaka uzi ukatike. Lita moja ni kilo moja, ndoo ikijaa ni karibu niutoni 200. Rahisi, na haina gharama. Mwalimu akaandika maneno mawili tu: "Itakatikia wapi?"

Sikuelewa anataka nini. Jumamosi nikamfuata Mjomba.

Nilimkuta Deep Sea, kwenye soko la samaki, akisubiri vyombo vya jioni. Maji yalikuwa yanajaa na kusi inavuma. Alinipeleka kwa mzee mmoja, nahodha wa mashua, aliyekuwa amekaa mchangani akishona tanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye sindano.

"Huyu mtoto wa dada yangu," Mjomba akasema. "Wamempa kazi shuleni. Anataka kujua kamba hukatikia wapi."

Mzee akaniangalia. "Fundoni," akasema. "Wapi tena?"

Nikamwambia, kwa adabu, kwamba labda siku nyingine hukatika katikati. Hakunijibu. Aliliweka tanga chini, akaenda kwenye mashua, akarudi na vipande vya kamba mbovu na kunimwagia miguuni. "Haya, tazama." Nikaokota kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa katani iliyogeuka nyeusi, ncha yake imefumuka, na upana wa kidole tu kutoka pale ilipokatikia, kamba ilikuwa bado imekaa kikombo, kikombo cha fundo ambalo halipo tena. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu hakikuwa hata katani, kilikuwa cha makumbi ya nazi, na hicho nacho hivyohivyo.

"Kamba ikinyooka, nyuzi zote zagawana kazi," alisema. "Ukiipinda, za nje zavutwa, za ndani zakaa bure. Za nje zikishindwa, hizo za ndani zitaponea wapi?"

Nilisimama na kile kipande mkononi. Hapo ndipo niliposikia mwalimu alikuwa ananiuliza nini. Fundo huweza kuipunguzia kamba theluthi ya nguvu zake, hata nusu. Ndoo yangu ya lita 20, na maji yangu ya bahari mabichi na ya kuchemsha, vyote vingepima mafundo.

"Sasa babu, nitaifungaje bila fundo?"

Akainuka. Mashua yake ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya mkoko iliyochimbiwa ufukweni, nguzo iliyolainika kwa kusuguliwa miaka na miaka. Alilifungua fundo, akaiacha kamba imeizunguka nguzo mara tatu, akanipa ncha. "Shika kwa vidole viwili."

Mjomba akataka kusema kitu. "Mwache," mzee akasema.

Mashua ilikuwa imeshaelea, na upepo unaivuta ichukue mkondo. Wimbi likaja. Kamba iliyokuwa kati ya nguzo na chombo ikakaza mpaka maji yakakamuka kutoka ndani yake, yakadondoka mstari mzima, na katani ikalia juu ya mti. Nilijikaza nikingoja kuvutwa. Hakuna kilichonifikia. Ncha ilikuwa imelala kati ya kidole gumba na cha shahada, imelegea kabisa, na chombo cha kubeba watu na shehena yao kimetulia mbele yangu. Wimbi lingine likaja, vilevile. Nikainama kuitazama nguzo. Mzunguko wa upande wa bahari ulikuwa umeuma mti, huingizi hata ukucha. Wa katikati ulikuwa umebana kiasi. Wa upande wangu ningeweza kupitisha penseli chini yake. Msuguano ulikuwa unaula mvutano mzunguko kwa mzunguko, na jambo hilo nililiona kwa macho, kwenye nguzo, kabla sijaliona kwenye kitabu chochote.

Mzee akaondoa mzunguko mmoja. Wimbi lilipokuja nikahisi kuvutwa, nikalazimika kushika kwa kiganja. Akaondoa mwingine. Safari hii nilishika kwa mikono miwili na visigino vikazama mchangani. "Na huu uliobaki?" akauliza. Nikamwambia hapana babu, inatosha.

Akairudisha mizunguko yote mitatu, kisha akafunga fundo lake. "Ukitaka kamba isiumie, zungusha kwanza. Fundo litie mwisho kabisa. Hilo fundo halitajua kama kuna chombo."

Tulipokuwa tunaaga nilimtajia habari ya chumvi, kwamba hicho ndicho hasa ninachokitafuta. Alishangaa. "Chumvi? Papa twamtia nini asioze? Kamba yaozeshwa na mvua, mwanangu." Hilo nalo nikaliandika.

Jumatatu nilipeleka mpango mpya: bomba la chuma juu, bomba jingine chini la kubeba ndoo, uzi uzungushwe mara nne kila upande, fundo liwe mwishoni kabisa pasipo na kazi. Na chini ya kichwa cha njia niliandika: "Nilionyeshwa na nahodha wa mashua, Deep Sea, Tanga." Sikujua kama inaruhusiwa, kwa sababu fomu ilitaka vitabu tu. Mwalimu aliusoma amesimama, na kalamu nyekundu haikutoka mfukoni.

Kesho yake alikuja na kitabu kikuukuu cha umakanika, nje kabisa ya silabasi yetu, akanionyesha mlinganyo wa Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Kila mzunguko haupunguzi mvutano kwa kiasi kilekile, bali unaugawa kwa uwiano uleule. Kama kipimo cha msuguano kati ya kamba na nguzo ni 0.3, mzunguko mmoja unaugawa mvutano kwa karibu 6.6, miwili kwa 43, mitatu kwa 286. Tulikokotoa pamoja ubaoni baada ya vipindi. Nikamuuliza unene wa nguzo umeingia wapi. Haumo. Nguzo ya mkoko na kijiti cha penseli, mizunguko ikiwa sawa na msuguano ukiwa sawa, vinafanya kazi ileile. Nimeshausoma uthibitisho wake zaidi ya mara moja na bado unanipa raha.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Uzi wa kwanza ulikatika katikati, mbali na bomba la juu na mbali na la chini, na darasa zima likaja kuangalia zile ncha mbili zilizofumuka. Mafungu yakalowekwa, yakaanikwa, yakavutwa. Na mwishowe nyuzi za fungu moja zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko mafungu yalivyotofautiana. Singa ni kitu cha shambani: hii nene, ile nyembamba, hii imekwaruzwa na mashine, ile haijakwaruzwa. Chumvi au mvua, data zangu hazikuamua. Mwalimu akaniambia niandike hivyohivyo, nisiongeze wala nisipunguze. Kwenye maonyesho ya shule, jaji mmoja aliniuliza nimegundua nini. Nilipomwambia matokeo hayaamui aliandika kitu kifupi akasogea meza ya pili. Sikumkasirikia sana. Nilikuwa na nguzo yangu.

Nilirudi Deep Sea kumpelekea mzee habari, maana nilihisi nina deni kwake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kamba nimezilaza majini muda gani. Nikamwambia, sehemu ya muhula. Akatikisa kichwa. Kamba yake ya nanga, alisema, hula masika na vuli, miaka miwili, mitatu, ndipo ianze kufa. Bahari haina muhula.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama mwalimu alilijua hilo tangu ile fulskepu ya kwanza. Alitoboa kila tundu la mpango wangu isipokuwa lile la muda. Alihamishiwa mkoa mwingine kabla hatujaingia kidato cha sita na sikupata nafasi ya kumuuliza. Mwalimu mwenzangu mmoja hapa Dar anasema ni kosa kumruhusu mwanafunzi achukue swali ambalo muhula hauwezi kulibeba. Mimi nashindwa kukubaliana naye, na nashindwa kumpinga vizuri. Ningepewa swali dogo linalomalizika, nisingefika kwenye ile nguzo.

Lakini swali lenyewe bado lipo, na halihitaji maabara ya kifahari. Kama kuna mwalimu Tanga mwenye kona ya uani na darasa la kidato cha kwanza litakalokaa naye hadi cha nne: mafungu manne, moja kavu, moja la mvua, moja la bahari, moja la bahari iliyochemshwa. Nyuzi nyingi kila fungu, nyingi kuliko zangu, na zote zitoke bunda moja. Zianikwe pamoja, zivutwe kidogo kidogo kila mwaka. Mabomba mawili laini, mizunguko minne, fundo mwisho. Karatasi zangu ninazo, pamoja na wino wake mwekundu, na atakayezitaka nitampa.