Mkoba wa Bastola Unaovuliwa na Bastola Yake Ndani

Mimi ni fundi wa ngozi hapa Mjini Unguja, na kazi iliyonilea ni ya makubadhi. Babu yangu alikuwa akishona ala za majambia ambayo mabwana harusi huyavaa kwa mbele, juu ya kanzu na chini ya joho, kwa hiyo jambo la kukitia kitu cha hatari ndani ya ngozi kikatulia si geni katika nyumba yetu. Mkoba wa bastola, hata hivyo, sikuwahi kuushona mpaka mwaka jana, alipokuja kibandani kwangu mfanyabiashara mmoja wa Darajani ambaye mimi humwita Ami, kwa sababu alisoma chuo kimoja na marehemu baba yangu. Raia mwenye bastola kwetu ni wa kuhesabika, na ni lazima awe na leseni. Yeye anayo, na sababu yake ni fedha anazotoka nazo dukani jioni.

Alitoa mfukoni mkoba mtupu wa ngozi nyeusi, wenye vitanzi viwili vilivyoshonwa kabisa, akauweka juu ya meza yangu.

"Mwanangu, huu umenichosha. Kila nikitaka kwenda msikitini sina budi niitoe bastola au nivue mshipi mzima."

Nilimuuliza huitoa mara ngapi kwa siku. Akahesabu kwa vidole: Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, na siku ya kwenda benki huongezeka mara moja. Kila mara huichomoa bastola yenye risasi nyuma ya kaunta, huifungia kwenye kasha la chuma, kisha akirudi huichomeka tena kiunoni. Siku moja, akiwa na haraka ya kuwahi jamaa, pindo la shati liliingia mkobani pamoja na bastola na likajikusanya mbele ya kifyatulio. Alihisi kitu kinamzuia, akasita, na kusita huko ndiko kulikomwokoa paja.

Hapo nikafahamu kwamba Ami hakuwa na tatizo la starehe peke yake, ingawa yeye alianza kwa kulalamikia kiuno. Bastola iliyotulia ndani ya mkoba mzuri haimdhuru mtu. Hatari huzidi pale mkono unapoitoa na unapoirudisha. Mkoba unaovuliwa kwa urahisi una maana kubwa iwapo unavuliwa wote, bastola ikiwa ndani na kifyatulio kimefunikwa, ukafungiwa kwenye kasha kama ulivyo na ukarudishwa kiunoni kama ulivyo. Mkoba ambao lazima uitoe bastola kwanza ndipo uvulike, hata ukiwa laini kama kitambaa cha hariri, mimi siuhesabu kuwa unavulika.

Silaha yenyewe sikukubali ilale kibandani hata kwa dakika tano. Ami aliniletea ikiwa tupu, akanionyesha mwenyewe kwamba haina kitu, nikaipima mbele yake: ni Glock 19, yenye urefu wa sentimita 18 na ushei, na ikijaa risasi zake 15 uzito wake ni gramu 850 hivi. Vipimo hivyo nilimpelekea jirani yangu anayechonga milango, akanichongea mfano wa mti wa mninga, na kazi yote niliifanya kwa mfano huo.

Ngozi nayo ina maneno. Iliyosindikwa kwa chumvi za kromu ni laini na inapendeza kwa mikoba ya kina mama, lakini haishiki umbo, na ikikaa na chuma muda mrefu inaweza kukitia kutu. Nilitafuta ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama lilivyo gome la mkandaa ambalo wazee wetu walilijua vizuri, yenye unene wa milimita tatu na nusu hivi. Ngozi ya namna hiyo ukiilowesha kwa maji ya uvuguvugu, ukaivisha juu ya mfano na kuisugua kwa pembe, hufuata kila bonde na kila kona, na ikikauka kivulini kwa siku mbili hubaki hivyo hivyo. Mahali pa kifyatulio niliisugua mpaka vidole vikaniuma, kwa kuwa bonde lile ndilo linaloishika bastola isidondoke, na papo hapo ngozi inayofunika kifyatulio haina budi iwe nene kiasi kwamba kidole hakiwezi kukibonyeza kwa nje.

Mdomo wa mkoba niliuongezea ukanda wa ngozi ya pili. Mkoba mkongwe ulioregea hujifumba mara bastola inapotoka, mtu akalazimika kuupanua kwa mkono wa pili huku ameshika silaha, na kunjo la ngozi laweza kuingia mbele ya kifyatulio na kukisukuma kama lilivyotaka kufanya lile pindo la shati. Mkoba wa zamani wa Ami ulikuwa umekwisha kufikia hali hiyo. Nilimwomba ruhusa, nikaukata vipande viwili mbele yake ili asije akampa mtu mwingine.

Baadhi ya watu humshauri mteja anunue mkoba wa plastiki ngumu ya Kydex, na kwa haki sina la kuudharau: haunyonyi jasho, hauregei, na bastola ikiingia hulia "tak" ukajua imekaa. Lakini joto la kaskazi ni jingine. Mtu aliyekaa barazani saa mbili, na kingo za plastiki zinamkwaruza ubavu uliolowa jasho, ataanza kuuacha mkoba nyumbani na kuitia bastola mfukoni, na huko mfukoni ndiko pabaya kuliko pote. Kwa upande unaogusa mwili nilipandisha ulimi wa ngozi juu kidogo, ili chuma kisiguse ngozi ya mtu na jasho la chumvi lisikile chuma.

Kuhusu kuuvua, nilichagua vitanzi viwili vyenye vifungo vya kubana badala ya kibanio cha chuma kinachochomekwa tu. Kibanio ni chepesi zaidi, lakini nimejaribu kimoja ambacho, nilipouvuta mfano wa mti kwa nguvu, mkoba mzima ulitoka pamoja nao, na hilo ni aibu kwa fundi. Vifungo hufunguliwa kwa kidole gumba, na mshipi haulegezwi. Mshipi wenyewe niliushona mpya, wa ngozi mbili, upana wa milimita 38, kwa kuwa Ami alikuwa akitumia mshipi mwembamba wa suruali ya Idi, ambao ulikuwa ukipinda na kuuangusha mkoba kwenye nyonga. Nusu ya maumivu ya kiuno chake yalitoka hapo. Kuficha hakukuwa na shida hata kidogo, kwani chini ya kanzu hata kanda ya karafuu ingefichika.

Kabla ya kumkabidhi, niliutia mfano wa mti mkobani, nikaugeuza juu chini juu ya godoro na kuutikisa mara kadhaa, na haukutoka. Ami akarudia jaribio lile nyumbani kwake kwa bastola yake tupu.

Alirudi baada ya masika, mkoba umeota ukungu wa kijani kwenye mshono. Alikuwa akiilaza bastola humo wiki nzima ndani ya kasha, hewa haipiti. Niliusafisha kwa kitambaa kikavu, nikaupaka nta kidogo, nikamwambia kwamba silaha inayowekwa muda mrefu isilazwe ndani ya ngozi. Akaniuliza kama naweza kumshonea wa pili, wa kubadilishana. Mfano wa mninga bado ninao, nimeupaka rangi ya buluu tangu mtoto wa jirani alipouchungulia mlangoni akakimbia akipiga kelele.