Read haigusi diski

Mpwa wangu, anayesoma kompyuta hapa Mtwara, kaniuliza barazani kuhusu read, wito ambao programu hutumia kusoma faili: "Mjomba, kwani read haiingii moja kwa moja kwenye kerneli?"

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, na kwenye Linux read inaingia humo. Kwenye MINIX 3, mfumo endeshi wenye kerneli ndogo, maktaba ya C (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu) inajaza ujumbe mdogo: namba ya faili lililofunguliwa, anwani ya bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data), idadi ya baiti. Kisha inaita sendrec, yaani "tuma kisha subiri jibu", na programu inalala papo hapo mpaka seva ya faili, programu nyingine iliyo nje ya kerneli, ijibu. Kerneli ni tarishi tu.

Gharama ipo, maana kila ujumbe unabadilisha muktadha, yaani prosesa inahama kutoka programu moja kwenda nyingine. Mwanasayansi wa kompyuta Jochen Liedtke aliipunguza mno kwenye kerneli yake ndogo, L4, miaka ya 1990. Mimi nailipa kwa moyo mkunjufu: dereva ya diski, programu inayoiendesha diski, nayo iko nje ya kerneli, kwa hiyo ikianguka, inawashwa upya na mashine inaendelea. Umeme wa Shangani hapa Mtwara ukikatika, hilo jingine.