Hakuna hatua ya tano

Juzi usiku binti yangu aliniletea daftari la Kiswahili nimwekee saini. Zoezi la visawe. Namba sita: *tibu*. Ameandika *ponya*, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, na mwalimu kaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Nikatia saini. Kisha nikabaki na daftari mapajani mpaka akaniuliza, "Mama, kuna kosa?"

Mnaomjua Mama mnajua hakuwa mtu wa kupitwa na maneno. Alifundisha hesabu miaka 31, na hata baada ya kustaafu alikuwa akisahihisha matangazo ya ukutani kwa kalamu. Kwa hiyo msije mkadhani nasimulia habari za bibi asiyejua kusoma.

Ya mwanzo nayaruka: damu chooni, bawasiri iliyotibiwa miezi mitano ambayo haikuwa bawasiri, kamera, kinyama kilichokatwa kikapelekwa maabara, skani. Nataka kufika kwenye kile chumba.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwamkia Mama shikamoo kabla hata hajaketi, na papo hapo nikampenda. Akafungua faili. Akasema saratani ilianzia kwenye utumbo mpana na imeshafika kwenye ini, kwa hiyo ni hatua ya nne. Akanyamaza. Halafu, nadhani kwa huruma tu, akaongeza: "Lakini usikate tamaa, mama. Inatibika."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote kabla ya kugeukia ubao.

"Kumbe tumeshapiga hatua nne," akasema. "Zimebaki ngapi?"

Kulikuwa na feni ya mezani inayogeuka huku na huku. Nakumbuka ilitupepea mara mbili kabla mtu hajajibu. Daktari alitabasamu kidogo. Mpaka leo sijui kama alidhani ni utani au alikosa pa kushika.

"Hakuna ya tano, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Ya nne ndiyo ya mwisho."

Mama akanigeukia, akanishika goti. "Unaona? Tumefika."

Mimi nilikuwa nimekesha nasoma. Nilijua kwamba hatua hizo hazihesabu safari ya mgonjwa, zinahesabu safari ya ugonjwa: ya kwanza uko pale pale ulipoanzia, ya nne umeshahamia kiungo cha mbali. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa bado gotini kwangu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi haukuwa ukitetemeka. Nikautazama ule mkono. Feni ikapita tena.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa tatu. Aliisoma yote, akarekebisha koma moja, akasaini. Ilisema dawa "zinalenga kudhibiti ugonjwa". Sasa mwizi akidhibitiwa, si ameshakamatwa?

Dripu zilikuwa kila baada ya wiki mbili: saa kadhaa kwenye kiti, halafu kichupa kiunoni kinachoendelea kutiririsha dawa siku mbili nyumbani. Ile inayoitwa oksaliplatini ilimfanya asiweze kugusa kitu cha baridi. Maji ya bomba asubuhi yalimpiga kama umeme. Vidole vikaanza kufa ganzi, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye ambaye alishona nguo zetu zote. Mama Mkubwa alikuwa akimpigia simu aende akakae naye, na jibu likawa lile lile: "Nikishapona, dada, nakuja." Kila nilipolisikia hilo *nikishapona*, nilikwenda kuosha vyombo.

Dripu ya nane, nesi mmoja mtu mzima alikuwa akimpima presha. Akamwambia, "Hebu mama nisaidie, nijue kama sisi tunaeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mtu akikuuliza hizi dripu ni za nini, utamjibuje?"

"Nitamwambia zinaniponya."

Nesi hakunitazama. Afadhali angenitazama. Akavuta kiti, akaeleza polepole: dawa inaubana ugonjwa, inausinyaza, inampa muda na nafuu, lakini haiung'oi, na ipo siku ugonjwa utaizoea dawa. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo inatibika, lakini haiponi."

"Ndiyo, mama."

"Basi mngesema."

Angesema *wangesema*, ningejificha. Angesema *ungesema*, labda ningejitetea. Alisema *mngesema*, na hiyo *m* ilitosha kunibeba na mimi, pamoja na daktari na kurasa zake tatu.

Akaomba apumzishwe dawa, akaenda kwa dada yake wiki tano. Alirudi na shuka ambalo Mama Mkubwa ndiye aliyelishona, yeye akihesabu mishono. Kisha akataka dawa ziendelee. Zile zile. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba angelijua tangu siku ya kwanza angeamua vingine. Pengine angebadilisha utaratibu tu, angeanza na safari, vidole vikiwa bado vinahisi sindano.

Baada ya kumzika nilikutana na utafiti wa daktari wa saratani Jane Weeks na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2012. Wagonjwa karibu 1,200 waliokuwa kwenye dawa za aina hii, yaani kemotherapi, saratani imeshasambaa: asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na 81 ya wenye ya utumbo mpana hawakuonyesha kuelewa kwamba kuponywa na dawa hizo kulikuwa mbali mno. Elimu ya mgonjwa haikuleta tofauti. Wasiokuwa Wazungu walielekea zaidi kukosea, na hilo mimi silihesabu kwenye akili za wagonjwa. Nalihesabu kwenye nani anaketishwa chini na kuelezwa. Kilichoniuma ni kingine: waliosifia zaidi jinsi daktari wao anavyozungumza nao ndio walioelekea zaidi kukosea. Nikamkumbuka yule kijana na shikamoo yake. Mama alimpenda mpaka mwisho. Na mimi vilevile.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, mguu mmoja juu ya mwingine, anangoja daftari lake.

"Hakuna kosa," nikamwambia.

Akalichukua, akaenda kulala. Mimi nikaenda kuosha vyombo.