Buti la gari linalovuja: kumbukumbu za vuli hii

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Alinipa gunia la karafuu nimpelekee Wete, karafuu kavu, zimeshachambuliwa makonyo na kukaa jamvini siku zake zote. Njiani kutoka Konde, gunia likiwa butini, mvua ikatukamata, ile ya vuli isiyobisha hodi. Kufika kituo cha kuuzia karafuu, mpimaji katia mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, kautoa, kanitazama. Chini pote pamelowa. Nikarudi nalo, zito kuliko nilivyoondoka nalo.

"Baba, ungenambia una kisima garini, ningekupa na ndoo," kasema mama mkwe, kisha kaenda kutandika jamvi upya. Karafuu ikishakauka halafu ikaloa tena, ile rangi yake hairudi, na ikivunda ndiyo inakuwa mpeta. Zake hazijafika huko, lakini na daraja la kwanza tena zisahau.

Jioni nikatoa kapeti ya buti na ule ubao wa chini yake. Shimo la mpira wa spea limejaa maji kina cha vidole vinne. Nikayachota kwa kopo la maziwa ya unga: makopo kumi na moja. Ringi imeota kutu upande mmoja, na jeki imeganda, haizunguki hata kwa nyundo. Sijui gari hili limekuwa likibeba maji tangu lini. Ni Corolla 110, mimi ni mwenyewe wa tatu kwa hapa Pemba tu, na ule uvundo wa nyuma nilikuwa nikiwasingizia samaki.

Jirani yangu anayeendesha teksi kaja kutazama. "Litoboe tundu chini, yakhe, yatatoka yenyewe." Tundu lipo tayari, lina kizibo cha raba. Ukikitoa maji yanatoka kweli, lakini vumbi la barabara linaingia, na moshi wa silensa nao, kwa sababu bomba la moshi linapita hapo hapo chini. Nimekirudisha kizibo. Nataka kujua yanapoingia.

Jumapili, 9 Novemba

Kila niliyemuuliza kasema kosa ni la raba inayozunguka mdomo wa buti. Nami nikafuata: asubuhi nimekwenda Chake Chake, nimenunua raba ya buti iliyotumika, iliyobanduliwa kwenye gari jengine, shilingi elfu ishirini. Ndipo niliporudi nyumbani nikakumbuka kuipima ile ya zamani.

Kuipima si kazi. Unakata kipande cha gazeti, unafungia buti juu yake, unakivuta. Kikitoka kwa kukaza, raba inabana. Kikitoka bure, hapo pana nafasi. Nimezunguka buti zima kila shubiri, kote kunabana. Nikaifuta raba, nikaipaka chaki ya skuli (mwalimu hakosi chaki), nikafunga na kufungua. Mstari wa chaki umekaa kwenye bati mzima mzima, haujakatika popote. Raba haina kosa. Elfu ishirini zangu zinaning'inia kwenye msumari ukutani.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo kazi ya maji. Nimetoa kiti cha nyuma, mwanangu wa miaka kumi kaingia butini na tochi. Asije mtu akamfungia mtoto butini bila kuacha kiti wazi. Hewa na njia ya kutokea ndiyo ya mwanzo, kuvuja baadaye. Mimi nje na mpira wa kumwagilia uliounganishwa mferejini.

Nimeanza chini napanda juu, na hili nililifikiria usiku kucha. Ukianza juu, maji yanateremka yanaloesha kila kitu, na likitokea tone hujui limeingilia wapi. Basi chini ya bampa kwanza, dakika tano. Kimya. Ukingo wa chini wa buti, kimya. Taa ya kulia, kimya. Taa ya kushoto, hata dakika mbili hazikufika: "Baba! Baba, hapa panalia!"

Nikapenyeza kichwa kupitia kitini. Nyuma ya taa pana bolti nne zinazotokeza ndani zikafungwa kwa nati. Kwenye ile ya chini, tone lilikuwa linavimba taratibu, limebeba mwanga wa tochi, likazidi uzito, likashika waya wa taa, likateremka nao kama mtu anayeshuka mnazi, likaanguka shimoni kwenye spea. Upande mwengine kabisa na lilipoingilia.

Spana namba 10, taa ikatoka. Ile sponji inayokaa baina ya taa na bodi ilikuwa inameguka kama mkate wa kumimina wa juzi. Nimeikwangua yote, nimesafisha kwa spiriti, nimezungusha ile gundi nyeusi wanayobandikia vioo vya gari, uzi mwembamba, nikaiacha ilale usiku ndipo niirudishe taa. Ukiibandika ingali mbichi, siku ya kubadilisha taa utaivunja. Na nati zisikazwe kwa hasira: bolti zile zimeshikwa na plastiki tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua kubwa jana usiku, gari liko nje chini ya mwembe. Asubuhi buti kavu. Nikamwambia mke wangu yamekwisha.

Jumamosi, 22 Novemba

Hayakwisha. Nimekwenda Chake na kurudi, mvua njia nzima, na shimoni mna makopo matatu. Afadhali kuliko kumi na moja, lakini karafuu hazijui afadhali.

Nimekaa kibarazani nikifikiria. Gari likilala mvuani, kavu. Likienda mvuani, linaloa. Jawabu lilikuwa ndani ya maneno hayo hayo na mimi sikulisikia.

Aliyelisikia ni ami yangu, ambaye maisha yake yote kakalafati vyombo, yaani kuziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta. Kasikiliza, kapiga funda la kahawa, kauliza: "Gari likienda, maji yanatoka wapi?" Nikasema juu. "Juu tu?" Hapo ndipo nilipoukumbuka mpira wa nyuma, unavyoyapiga maji ya barabarani na kuyarusha kwa nguvu ndani ya madigadi. Mpira wangu wa kumwagilia haukufika huko hata mara moja.

"Sisi chombo tunaingia ndani mchana, tunatafuta nuru," kasema. "Wewe lako dogo. Litie nuru ndani, utafute nje usiku."

Baada ya Isha tukatia taa ya sola butini, tukafunga, kiti kikazibwa kwa blanketi. Giza totoro. Tukazunguka wawili kama wezi wa kuku. Pembeni, nyuma ya bampa tuliyokwishaitoa, mwanga ulionekana kwenye vile vifuniko vya hewa, pande zote mbili. Nikataka kuvipaka gundi hapo hapo, bahati nikajizuia. Vile ndivyo vinavyotoa hewa ya ndani unapofunga mlango. Ukiviziba, milango inakuwa migumu kufunga na vioo vinajaa ukungu. Kinachotakiwa ni vile viulimi vyake vya raba vijifunge vyenyewe, na sponji ya kuzunguka fremu iwe nzima. Vyangu vizima.

Kisha ami kalala chali juu ya mkeka, kichwa ndani ya madigadi ya kushoto, mzee wa miaka sabini na kitu. Kanyamaza muda. "Njoo utazame mwezi."

Haukuwa mwezi, ulikuwa uzi. Mstari wa nuru mwembamba, urefu wa kidole, pale bati la ubavu linapokutana na sakafu ya buti. Nilipokwangua matope nikaona pati, ile lipu wanayosawazishia bati lililobonyea, chini ya rangi. Gari liligongwa ubavu wa kushoto zamani, kabla yangu, na fundi bodi aliyelinyoosha kaliunga bati, kalipaka pati likapendeza, lakini maungio hakuyatia gundi ya kuzuia maji. Pati ikipasuka, na lazima ipasuke kwa mtikisiko, ndio mlango huo.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku nzima juu ya kidole kimoja cha bati. Jeki ya jirani, mawe chini ya gari (jeki peke yake siiamini), mpira ukatoka. Brashi ya waya, kisha msasa mpaka bati jeupe. Kutu ilikuwa imetafuna lakini haijatoboa.

Dukani waliniletea silikoni ya kubandikia masinki. Nikaifungua, inanuka siki. Ami kainusa naye kairudisha mezani: "Siki na chuma wapi na wapi?" Na ni kweli, silikoni ya namna ile inapokauka inatoa asidi, ile ile ya siki, na juu ya bati tupu inaita kutu badala ya kuizuia. Nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nikasubiri ikauke, halafu ile gundi nyeusi ya vioo, nikaisukumiza ndani ya ufa kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni. Ami kasimama juu yangu kama anakagua jahazi. Angependa pamba na mafuta, lakini karidhika.

Ndani ya buti nimeupaka ule ufa pia, na kapeti sijairudisha.

Jumamosi, 6 Disemba

Wiki hii nimenyunyiza poda ya mtoto sakafu nzima ya buti, tone likipita liache njia. Jumatano Chake na kurudi, mvua. Alhamisi Konde, mvua. Leo nimefungua mbele ya ami: poda iko vile vile, ila alama za miguu ya paka, aliyeingilia nilipoacha buti wazi.

Taa ya kulia nayo nitaifungua wiki ijayo, sponji yake ni ya umri ule ule.

Mchana nimempitia mama mkwe kumchukulia gunia. Nikamfungulia buti, nikamwonyesha poda. Katazama, kagusa kwa kidole, kaitikia kwa kichwa. Kisha kaingia ndani, katoka na mfuko mkubwa wa nailoni, kalitia gunia humo, kapiga fundo mbili, kaliweka kiti cha mbele na kulifunga mkanda.